Ukuta Nyuma ya Vitanda

Mimi ni mwashi mwoga. Wenzangu wa Kasongo wanalijua hilo na hunicheka waziwazi. Nikialikwa kwenye harusi au matanga, kabla sijaketi natazama kuta kwanza, napitisha kiganja kando ya dirisha, kisha nachagua kiti kilicho karibu na mlango. Mke wangu huwaambia watu kwamba siku nikifa nitasimama kwenye lango la mbinguni nikiuliza nani aliyeweka linto, ile boriti ya juu ya mlango. Wacheke tu. Nimejenga kwa matofali ya kuchoma na udongo tangu ujana wangu, na ninajua kilichomo nyuma ya ile plasta laini ya simenti inayowapendeza wapita njia. Mara nyingi ni tope lililokauka na njia za mchwa.

Hakuna ukuta nilioogopa kama ule wa materniti, wodi ya wazazi ya kituo chetu cha afya. Jengo lenyewe lilikuwa la zamani, refu, lenye vitanda vya wanawake vilivyopangwa mstari mmoja, na ukuta wa nyuma ulisimama moja kwa moja juu ya vichwa vyao. Katikati ulikuwa umevimba kuelekea ndani. Sisi waashi husema ukuta wa namna hiyo una tumbo. Juu yake, chini ya bati, boriti ya zege ilikuwa imepasuka, na vyuma vilionekana vikiwa vimeliwa na kutu. Kila baada ya mvua mkunga alifagia vipande vya matofali kutoka kwenye mashuka, akavitupa nje, akaendelea na kazi zake. Angewapeleka wapi wale wanawake?

Mke wangu aliposhika mimba, ukuta ule ukahamia kichwani mwangu. Uzazi uliotangulia ulikuwa mgumu, alivuja damu hata tukadhani tumempoteza, na yule mtoto hatukumpata. Kwa hiyo kuzalia nyumbani halikuwa jambo la kujadiliwa. Nilijaribu kulijadili hata hivyo. Alinisikiliza huku akichagua mchele, kisha akasema bila kuinua kichwa, "Kule ukuta iko, na mama mukunga pia iko. Huku nyumbani haiko mutu." Lakini kila nilipofumba macho nilimwona amelala pale, na lile tumbo la ukuta limeinama juu yake.

Ndipo tukasikia kwamba fundi mhandisi angekuja kutoka Kindu, ametumwa na watu waliokuwa wakisaidia kituo kile cha afya. Nilidhani ataleta nondo na mifuko mingi ya simenti, abomoe na kujenga upya. Alikuja na begi dogo na kipande cha kitambaa cheusi chenye matundu, mfano wa chandarua cha mtu mwenye haraka. Akatuita sisi waashi, akakikunjua juu ya meza ya mkunga. Alisema nyuzi zile zimetengenezwa kwa jiwe lililoyeyushwa motoni na kuvutwa mpaka likawa uzi. Mwenzangu mmoja alicheka hadi akatoka nje. Mimi sikucheka, kwa sababu nilivuta ule uzi kwa mikono miwili nikashindwa kuukata.

"Chuma inakulwa na kutu," alisema mhandisi. "Hii hapana. Ukuta ikitaka kufunguka, nyuzi zinaikamata. Lakini nyuzi zishikwe na simenti, na simenti ishikwe na tofali. Kama hazishikane, mumevalisha ukuta nguo tu."

Alitufundisha kazi kwenye ukuta mdogo wa kisima cha mvua uani. Tulibandua plasta ya zamani, tukasugua matofali kwa burashi mpaka yakawa mekundu, tukayalowesha. Tukapaka simenti laini tabaka jembamba, tukalaza kitambaa na kukikandamiza kwa taloshi, kile kibao cha kusawazishia plasta, mpaka simenti ikachungulia kwenye kila tundu. Kisha tabaka la pili juu, na magunia yaliyolowa maji kwa siku kadhaa ili isikauke upesi. Ukuta wote haukuongezeka hata unene wa kidole. Nilikipenda kitu kile. Kwa mara ya kwanza tangu mke wangu ashike mimba nililala usingizi wa kueleweka.

Rola zenyewe za kitambaa kile, ambacho sisi tulikwisha kukiita wavu, hazikuweza kupita njia ya kawaida, maana mvua ilikuwa imeikata. Zililetwa kwa mtumbwi mpaka Nyangwe, na kwa kuwa huko ndiko anakokaa baba mkwe wangu, niliomba zitunzwe kwake mpaka nitakapopata pikipiki.

Hapa ni lazima nimweleze huyu mzee. Amevua samaki Lualaba maisha yake yote, yeye na baba yake kabla yake. Ni mtu wa maneno machache, kofia yake haina doa, na heshima yake imepimwa mpaka nukta ya mwisho. Kwetu mtu hamzoei baba wa mke wake. Sijawahi kula naye sahani moja. Tukikutana njiani mimi ndiye ninayeingia majanini. Kumpinga mbele ya watu ni jambo linalotafutiwa wazee na mbuzi, na hata mbuzi akishaliwa, watu hulikumbuka. Nakiri kwamba namwogopa kuliko ninavyoogopa askari.

Nilipokwenda kuchukua rola zile, nilizikuta zimefungwa vizuri kwa majani ya migomba, safi, hazina hata tope. Nilimshukuru nikiwa nimeinama. Dereva wa pikipiki alizifunga pamoja na madumu ya mawese ya mtu mwingine, tukarudi Kasongo tukinuka mafuta kama wapishi. Wavu ulikuwa unateleza kidogo mikononi, lakini mhandisi alikwisha kutuambia kwamba kiwandani huwa unapakwa kitu cha kuulinda. Ulikuwa mweusi na unang'aa, na kile kipande cha mfano pia kilikuwa cheusi. Nani angetia shaka?

Tuliufanyia kazi ukuta wa materniti, wanawake wakiwa wamehamishiwa barazani. Kutoa plasta ya zamani kulinitoa jasho la hofu, kwa sababu matofali mengine yalibaki mkononi. Nilifanya kazi mguu mmoja ukielekea mlangoni. Tulitandaza wavu ukuta mzima, na kwenye kona tukaupitisha mpaka upande wa nje ili ushike vizuri. Mhandisi alisimamia, akagonga huku na huku, akasema kazi ni nzuri, akaondoka kabla magunia hayajatolewa. Siku tulipoyatoa ukuta ulikuwa wa kijivu, umenyooka machoni, na mkunga aliupapasa kama mtu anayepapasa ng'ombe aliyemnunua. Vitanda vikarudishwa mahali pake.

Uchungu ulimshika mke wangu asubuhi moja yenye joto zito. Mkunga alimpa kitanda cha katikati, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na meza yake. Wanaume hatuingii mle wanawake wakiwa katika hali ile, hata kama ni wewe uliyejenga, basi nikakaa nje chini ya upenu wa jiko. Baba mkwe alikuwa amefika kutoka Nyangwe na kapu la samaki wa kukausha. Akaketi upande wake, mimi upande wangu, kila mmoja amemgeuzia mwenziwe bega kama inavyostahili, na kati yetu kuku wakichakura.

Kutoka ndani nilimsikia mke wangu akilia kidogo, akinyamaza, akilia tena. Upande wa Kabambare mbingu ilikuwa imeanza kuwa nyeusi. Mzee aliitazama mvua ile, na nadhani alitaka tu kunipunguzia mawazo, maana ghafla alisema, "Ile wavu yenu ilifika muzuri?"

"Ilifika, baba. Aksanti."

"Ililowana mu mutumbwi. Nikaianika. Kisha nikaipaka mafuta, ile ya kokwa, uzi kwa uzi, mimi na mama yenu. Wavu mupya haiingie kazi bila mafuta, inaoza."

Alisema kwa upole, kama mtu anayetaja zawadi ambayo hakutaka kuitangaza mapema. Nyavu za baba yake zilikuwa za nyuzi za msituni, na kule kwao kila wavu mpya, kila kamba mpya, lazima unywe mafuta kabla ya kuguswa na maji. Alikuwa ameutendea wavu wangu kama angeutendea wake.

Nikasema, "Aksanti, baba." Nikaondoka pale taratibu, kama mtu anayekwenda kujisaidia.

Nyuma ya jengo, kwenye ile kona ambako wavu ulipita nje, nilichokoa simenti kwa ncha ya mwiko mpaka nikaona uzi. Niliushika kwa koleo nikavuta. Ukatoka. Ulitoka wote, mrefu, laini, bila kukwama popote, kama uzi unavyotoka kwenye nguo kuukuu. Nikaunusa. Ni harufu ninayoijua tangu utotoni, mafuta ya kokwa za mchikichi ambayo mama zetu walitupaka kabla ya kutupeleka sokoni. Nilikwenda mbio kwenye ukuta wa kisima, ule tuliofanyia mazoezi kwa kipande alichokuja nacho mhandisi mwenyewe, nikachokoa, nikavuta kwa lile koleo kwa nguvu zangu zote. Uzi ulikatika, lakini haukutoka. Hapo nikaelewa yote. Ukuta wetu ulikuwa umevaa nguo tu. Tena tulikuwa tumeubandua plasta yake ya zamani, ambayo huenda ndiyo iliyokuwa ikiushikilia.

Upepo wa mvua ulianza kupiga. Juu ya jengo bati liliinuka na kushuka, liliinuka na kushuka, na kila liliposhuka nilijua kwamba ile boriti iliyopasuka inausukuma ukuta. Mke wangu alikuwa chini yake, na mtoto wangu alikuwa njiani kuja chini yake.

Nilimwita mkunga mlangoni. Alitoka na glavu mikononi, amekasirika.

"Mama, toa wamama mule ndani."

"Juu ya nini?"

"Ukuta, mama. Haiko salama."

Alinitazama kama anavyomtazama baba yeyote aliyechanganyikiwa. "Enjeniere alisema ukuta imepona. Weye mwenyewe ulijenga. Bibi yako amefika karibu ya kuzaa, sitamutoa inje na mvua hii juu ya woga yako. Kila mutu anajua woga yako." Akageuka kurudi ndani.

Alikuwa na haki. Mwanamke aliye katika hali ile hahamishwi kwa ndoto za mumewe. Ningehitaji kumpa sababu, na sababu ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa imeketi chini ya upenu wa jiko na kofia safi kichwani, katikati ya wanaume wengine waliokuwa wakisubiri wake zao. Yote yangesikika. Mzee wa watu angesikia kutoka kinywani mwa mkwe wake, mbele ya wageni, kwamba mikono yake imemtegea binti yake mtego. Nilizunguka jengo. Nikajiambia labda mvua itapita kando. Nikafika kwenye kona, nikatazama ule uzi uliolala chini, nikazunguka tena. Mke wangu alipiga ukelele mmoja mrefu. Matone ya kwanza yaligonga bati.

Nikarudi mlangoni, nikamwita mkunga tena, na bila kumtazama mtu yeyote nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Mama, wavu ilipakwa mafuta. Baba mukwe wangu aliipaka yote mafuta. Simenti haikushika kitu. Ukuta haina kitu kinachoishika."

Mkunga alinitazama, akatazama juu ya mabega yangu. Kwa uso wake nilijua mzee amesimama. Nilihisi aibu ikinipanda toka miguuni, moto kabisa. Lakini mkunga sasa alikuwa na sababu. "Basi wabebe," alisema. "Hawezi kutembea. Nileteeni wanaume wa kubeba kitanda mpaka kwa chumba yangu ya kazi."

Hakuna mwanaume aliyesogea, na siwalaumu. Hakuna anayetaka kumwona mke wa mwenziwe katika saa ile. Nilikuwa nimekwisha kuingia peke yangu, nimeshika upande wa miguu, nikijiuliza nitaukokotaje upande mwingine, ndipo nikamwona baba mkwe mlangoni. Baba hamwoni binti yake akizaa. Hilo halina mjadala kwa mtu yeyote wa kwao, na kwake lilikuwa zito kuliko kwa wengi. Alivua kofia akaiweka kifuani ndani ya kanzu. Akafumba macho. Akaingia akinyoosha mikono mbele kama kipofu.

"Niongoze," alisema.

Nikamwongoza kwa maneno. Mbele kidogo, baba. Inama. Shika hapo. Inua. Tukakibeba kitanda tukapita chini ya lile tumbo la ukuta, mke wangu akiwa amejifunika uso kwa kitenge kwa kuona haya mbele ya baba yake, akiuma meno, na mzee akitembea kinyumenyume macho yakiwa yamefumbwa mpaka kope zinatetemeka. Kizingiti, baba. Sasa mvua. Alijikwaa, akapiga goti, hakuachia. Wanaume wengine walipoona vile wakaona haya, wakaja kuwatoa wanawake waliobaki. Tulimwingiza kwenye chumba cha kazi cha mkunga ng'ambo ya ua. Mzee alitoka huko akiwa bado amefumba macho, na hakuyafumbua mpaka alipoligusa gogo la upenu kwa mkono wake.

Mtoto alizaliwa wakati mvua ikiwa katika nguvu zake zote. Ni msichana. Sikusikia kilio chake cha kwanza kwa sababu ya kelele za bati, niliambiwa tu. Niliruhusiwa kumwona mke wangu kidogo, akanishika kidole akakifinya, akalala.

Na ukuta haukuanguka. Mvua ilipiga mpaka jioni, ikaisha, nao umesimama vilevile, wa kijivu na wa kupendeza. Wanaume walianza kuniangalia kwa jicho la pembeni. Mmoja alisema kwa sauti ya kutosha kwamba kuna watu wanaomvua mzee nguo kwa sababu ya ndoto. Mzee alikwenda kulala kwa ndugu yake mtaani bila kuniaga, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Usiku huo niliomba, Mungu anisamehe, kwamba ukuta uanguke. Halafu nikaogopa kwamba nimeliomba jambo kama hilo.

Asubuhi mkunga aliniambia nimwonyeshe hiyo hatari au nivirudishe vitanda vyake. Nilifungua mlango, nikasimama kizingitini na mti mrefu wenye ndoana, nisithubutu kuingia. Kwenye tumbo la ukuta kulikuwa na mpasuko mwembamba ambao jana haukuwepo. Nyuma yangu nilisikia kikohozi ninachokijua. Baba mkwe alikuwa amekuja, kofia imerudi kichwani. Nikampisha kama kawaida. Akakataa kwa mkono, akabaki nyuma.

Niliingiza ndoana kwenye mpasuko huo mpaka ikaukamata wavu, nikavuta kidogo tu. Wavu ulikuja na tabaka la juu la simenti, kipande kipana kama mlango, kikateleza chini bila kelele nyingi. Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha tumbo la ukuta likafunguka. Matofali yalimwagika kwa pamoja, na ile boriti ya zege ikayafuata kutoka juu, ikaanguka mahali kilipokuwa kitanda cha katikati. Sakafu ilipasuka. Vumbi likatufunika sote.

Lilipotulia, mkunga alikuwa ameshika kichwa. Mzee aliingia mpaka pale ilipoanguka boriti, nikataka kumvuta kanzu nikashindwa kumgusa. Aliinama, akaokota kipande cha wavu, akakisugua kati ya vidole vyake, akakinusa. Akabaki nacho mkononi. Aliponigeukia aliniangalia usoni, kitu ambacho hatukuwahi kufanya.

"Jana, wakati nilikuambia, ulijua papo hapo?"

"Ndiyo, baba."

"Na ukaenda kuzunguka nyumba."

"Ndiyo, baba."

"Juu ya heshima yangu."

Uwongo ulinijia, nikauacha. Nilitikisa kichwa kukubali, na machozi yakanitoka mbele yake bila kizuizi, kwa sababu nilikumbuka jinsi nilivyozunguka mara ile ya pili, na kwamba ningeweza kuzunguka mara nyingine.

Mzee alitazama boriti, akanitazama tena.

"Siku ingine," alisema, "usizunguke. Unitukane papo hapo."